Fulana ya Mtu wa Bunduki

Mpaka sasa nikimwona mtu amesimama kwenye roshani ya ghorofa ameinua simu, nainamisha kichwa. Pengine anapiga picha paka, au mwezi. Mimi natazama viatu vyangu, naongeza mwendo, na moyo unanienda mbio kama wa mtu aliyeiba. Sikuiba kitu. Ninayaandika haya nikijaribu kuyapanga kama yalivyokuwa, ila niseme mapema kwamba shule niliiachia kidato cha pili, na woga nao huongeza chumvi. Pale ambapo sina hakika nitasema sina hakika.

Mimi ni mhudumu wa meza katika mkahawa wa chakula cha Kimeksiko, ndani ya hoteli moja mtaa wa Al Sadd, hapa Doha. Ukuta wote wa nyuma umechorwa mtu mmoja. Wakati huo alikuwa na kofia pana kama ungo, sharubu nzito zilizoinama, mikanda ya risasi imekatiza kifuani, upanga kiunoni na bunduki mkononi. Macho yake yalikuwa yanakufuata ukibeba sinia kutoka jikoni hadi meza ya mwisho, na wiki zangu za kwanza nilikuwa nageuza uso nikipita. Alikuwa pia kwenye menyu, kwenye chupa za pilipili, na kwenye fulana nyeusi tulizopewa kuwa sare: mtu yule yule, bunduki yake yote, kutoka shingoni hadi kitovuni. Wateja walipenda kubandika sharubu za karatasi na kupigwa picha chini yake, na sisi ndio tuliozigawa zile sharubu. Sisi tulimwita Mzee. "Meza ya Mzee imelipa?" "Mpelekee Mzee viti viwili."

Kama ungeniuliza huyo ni nani, ningekwambia ni jambazi wa sinema. Nyumbani nilikuwa nimeiona sura kama hiyo kwenye mlango wa kinyozi, karibu na picha ya mwanamasumbwi, na hakuna aliyeuliza.

Aliyetuambia ni mpishi. Alikuwa ameletwa kutoka Meksiko kwenyewe kwa miezi michache kuwafundisha wapishi wetu, mtu mfupi, mpole, mwenye kuimba akikata vitunguu. Alasiri moja tulikuwa jikoni tunakula, akatuona tukijifuta mikono kwenye zile fulana, akasema kwa Kiingereza chake kilichokaribiana na changu kwa ubovu, "Mnajua mnajifutia mikono juu ya nani?"

Akatuambia. Kwamba alikuwa mtu wa kusini mwa nchi yao, mkulima na mfunza farasi, zaidi ya miaka mia iliyopita. Kwamba mashamba makubwa ya miwa yalikuwa yamemeza ardhi ya vijiji, na yeye akataka vijiji virudishiwe. Alipigana na serikali moja, ikaanguka, ikaja nyingine ikaahidi, haikutimiza, akapigana na hiyo pia. Mwisho akauawa. Lakini bibi yake mpishi, mama mzaa baba yake, alikuwa akiapa kwamba ule mwili uliowekwa hadharani haukuwa wake. Alama ya mwilini haikuwepo, kidole hakikufanana. Mwenyewe alikuwa ametoroka na rafiki yake mfanyabiashara, wakapanda meli.

"Wakaenda wapi?" niliuliza.

"Arabuni," akasema mpishi. "Huko kwetu wazee wengi wanasema hivyo. Alikuja huku."

Mwosha vyombo, Mganda mmoja ambaye hata akiwa na huzuni hawezi kuacha mzaha, akaweka sufuria chini. "Arabuni? Sasa kafili wake ni nani?"

Hapa kila mgeni lazima awe na mtu au kampuni inayomdhamini kisheria, na huyo ndiye kafili. Basi jiko lote likaangua kicheko.

"Aliingia na visa gani? Ya dereva?"

"Ya farasi, buda. Huyo yuko huko Al Rayyan kwenye mazizi ya tajiri fulani. Hajapewa likizo tangu afike."

"Likizo ataipata wapi na pasipoti ameshikiwa?"

"Ndiyo maana ana sura ya hasira. Si vita hiyo, ni mshahara umechelewa!"

Mpishi aliuliza tunacheka nini. Nilimtafsiria kadiri nilivyoweza, akacheka mpaka akajipangusa macho kwa aproni. Kisha akasema jambo ambalo nimelishikilia kwa sababu lilikuwa la haki. Alisema upande wa mama yake hawampendi mtu huyu hata kidogo. Wao walikuwa na duka katika mji mdogo, na watu wake walipopita walichukua nafaka na kulichoma duka, na mtoto mmoja wa ukoo akafa kwa baridi porini. "Nyumbani kwetu," alisema, "baba akitundika picha yake, mama anaigeuza uso ukutani." Na akaongeza kwamba wale wale waliomuua ndio baadaye walioweka sura yake kwenye noti na kuzipa barabara jina lake. Mganda akasema, "Hiyo tunaijua. Hata kwetu." Na mimi niliwaza wazee wetu wa msituni kule Kenya, waliopigania ardhi, ambao wamechorwa kwenye fulana na kuta, na watoto wao wengine hawana hata kiwanja cha kupanda sukuma wiki. Sikulisema. Sikuwa na hakika kama ni kitu kimoja.

Sasa nifike kwenye msiba.

Chumbani mwetu alikuwapo msichana aliyekuja nyuma yetu wote. Hakuwa amemaliza kipindi cha majaribio, ile miezi ya kwanza ambapo wakikukataa unarudi ulikotoka bila maneno mengi. Nilimwita mdogo wangu, naye akiniita dada mkubwa. Mama yake alifariki ghafla, na habari ilimkuta mahali pa kubadilishia nguo, amevaa kiatu kimoja. Msimamizi wetu, niseme haki yake, alimwambia anaweza kuomba ruhusa aende kuzika. Lakini yeye aliogopa kwamba akienda katikati ya majaribio hataitwa tena, na nyumbani walikuwa wanamtegemea yeye. Alilia usiku wa kwanza, na asubuhi akavaa sare akaenda kazini. Akamzika mama yake kwa simu, akiangalia kwa kioo kidogo watu wakimwaga udongo.

Sisi tukasema hatuwezi kumwacha hivyo. Kwetu mfiwa haachwi akae peke yake, watu wanakuja, wanaimba, wanakunywa chai, wanamchosha kwa maneno mpaka usingizi umchukue. Nyumba yetu ya wafanyakazi wa kike hairuhusu mwanamume kuvuka lango, kwa hiyo nesi mmoja Mkenya na mumewe dereva, wanaoishi ghorofa ya tatu huko Fereej Bin Mahmoud, wakatupa sebule yao kwa alasiri moja. Kwa nini alasiri? Kwa sababu ya zamu ya brek. Ukiwa zamu ya brek unafanya chakula cha mchana, unaachiliwa saa chache, kisha unarudi kwa chakula cha jioni. Muda huo haukutoshi kwenda kubadilisha nguo. Kwa hiyo tulienda na sare zetu, wahudumu, wasaidizi wa jikoni, waosha vyombo, kila mmoja na Mzee kifuani.

Gari la hoteli lilitushusha kwenye barabara kubwa. Kutoka hapo ni vichochoro, maduka madogo, mafundi cherehani, halafu jengo lenyewe. Pamoja nasi alikuwa mama mmoja wa kutoka magharibi ya Kenya, anayefanya kazi chumba cha kufulia nguo cha hoteli, mtu mzima kuliko wote, na tulimwachia aongoze. Akasimama chini ya mwarobaini uliopandwa kando ya njia, akavunja tawi.

"Mama, hiyo miti ni ya serikali," nikamwambia.

"Mwanangu, nimetoka kwetu nikiwa mtu. Siendi kwa mfiwa mikono mitupu kama naenda kuomba chumvi."

Kwa watu wake, na hata kwa watu wangu kidogo, mtu anayeingia kwenye matanga huja na jani mkononi, na huja akiimba tangu mbali, ili mwenye msiba asikie kwamba watu wanakuja. Huingii kimya kama mwizi. Basi tukavunja matawi. Mimi nilikuwa mbele kwa sababu nilibeba chupa kubwa ya chai na ndimi niliyeijua nyumba. Mama akaanzisha wimbo wa kanisani, wanaume wakaupokea kwa sauti nzito, matawi yakainuka, miguu ikaanza ile hatua ya kutikisa mabega. Nakiri kwamba ilikuwa raha. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii kusikia sauti yangu ikirudi kutoka kwenye ukuta wa jengo.

Hakuna hata mmoja wetu aliyejiona. Ningetaka msomaji ajaribu kutuona kwa jicho la mtu aliye kwenye roshani, asiyejua Kiswahili: kundi la wafanyakazi Waafrika, fulana zote nyeusi za aina moja, na kwenye kila kifua mtu mwenye bunduki na mikanda ya risasi. Matawi juu. Wimbo. Wanatembea katikati ya njia.

Aliyeliona hilo kwanza ni mume wa nesi. Aliteremka ngazi mbio na kandambili, mikono mbele kama anayezuia ng'ombe.

"Nyamazeni! Jamani nyamazeni, mtatuuza! Tupeni hayo majani!"

"Shemeji, ni matanga," mama akamwambia.

"Mama yangu, ninajua ni matanga. Wao wanajua?" Na akaonyesha juu kwa kidevu.

Niliangalia juu. Watu walikuwa wamejaa kwenye roshani na madirishani. Na simu.

Matanga yenyewe sikumbuki vizuri. Najua tulikaa, chai ilinywewa, mdogo wangu alisimulia mama yake alivyokuwa akisuka mikeka na kumtukana kuku. Tuliimba kwa kunong'ona. Kila lifti iliposimama kwenye ghorofa yetu, wimbo ulikatika. Tuliporudi tulirudi wawili wawili, fulana tumezigeuza ndani nje, lebo shingoni na Mzee amelala kwenye ngozi zetu.

Kesho yake asubuhi kwenye basi la wafanyakazi mtu alinipitishia simu yenye video. Nilikuwa mimi. Chupa ya chai imenifanya niegemee upande mmoja, mdomo wazi, tawi juu, na uso wangu umetoka wazi kuliko kwenye kitambulisho. Aliyeirusha mtandaoni alikuwa ameandika kwa Kiarabu na kwa Kiingereza akiuliza hawa ni kina nani. Chini yake Wakenya wenzetu walikuwa wamekwisha kuamua. "Maandamano Doha! Wamechoka!" "Wanadai mishahara." Mwingine, maana kwetu siku hizi watu huvaa fulana za sura ya marehemu mazishini, aliandika, "Poleni sana. Huyo marehemu wa kofia alikuwa askari wa wanyamapori?" Basi zima halikucheka. Hata Mganda hakucheka. Alitazama dirishani akasema polepole, "Banange, jamani, tumeisha."

Nieleze tulichoogopa. Hapa mgeni kuandamana ni kuitafuta ndege ya kurudi. Kila mmoja wetu amesikia habari ya kundi fulani lililogoma mahali fulani na likapandishwa basi hadi uwanja wa ndege na nguo za kazi. Kama ni kweli au uvumi siwezi kusema. Sijawahi kukutana na mmoja wao. Lakini kifungua mimba wangu yuko chuo cha uuguzi nyumbani, na anasoma kwa mkono huu. Mimi nikirudishwa, naye anarudi. Hilo ndilo nililokuwa nalo kichwani kila saa, wala si kitu kingine.

Siku zilizofuata tuliishi kama panya waliosikia paka. Watu walifuta picha kwenye simu zao. Kikundi chetu cha simu, ambacho kwa kawaida kelele zake hazikupi usingizi, kilinyamaza, kisha mmoja akatoka, kisha wengine. Mama wa kufulia nguo nilikutana naye kwenye lifti ya huduma akatazama namba za ghorofa kama hanijui, na nilishukuru, maana na mimi nilikuwa najiandaa kufanya hivyo hivyo. Mlango wa chumba chetu uligongwa jioni moja, mdogo wangu akajificha bafuni. Kumbe aliyegonga alikuwa mlinzi wa kike anayehesabu mitungi ya maji.

Na kazini yule mtu alikuwa ukutani, na kwenye kifua changu, na wateja wanaendelea kubandika sharubu.

Nilikwenda kwa mpishi wakati anasafisha meza yake. Nilitaka kujua nimevaa nini. Nadhani nilifikiri kwamba nikimjua Mzee vizuri, nitajua na namna ya kujitetea. Nikamwuliza, "Walimuuaje?"

Akaacha kusugua meza. Kisha akaniambia. Kulikuwa na afisa wa jeshi la serikali aliyejifanya amekosana na wakubwa wake na anataka kuhamia upande wa Mzee. Walitumiana ujumbe, wakajengana imani, akampa hata farasi. Akamwalika kwenye nyumba ya shamba moja kubwa wazungumze na kula. Walinzi wakapangwa langoni kumpa heshima, silaha juu, tarumbeta ikapigwa kama ya kumkaribisha mkubwa. Ilipolia mara ya mwisho, wale wale waliomnyanyulia bunduki kwa heshima wakamfyatulia. Hakupata hata nafasi ya kugusa yake.

"Alikwenda kwa nini?" niliuliza. "Hakushuku?"

"Wanasema alishuku." Mpishi akakunja kitambaa chake. "Lakini alihitaji risasi, na watu wake walikuwa na njaa. Mtu akiwa na haja, huenda."

Laiti nisingemwuliza. Kwa sababu siku hiyo hiyo msimamizi alinifuata karibu na mashine ya kahawa akiwa na tabasamu, akasema bwana wa ofisi ya wafanyakazi angependa kuniona kesho baada ya chakula cha mchana. "Hakuna shida," akasema. "Ni chai tu."

Usiku huo sikulala, na sitauelezea. Asubuhi nilifunga sanduku langu dogo, nikaliweka nyuma ya mlango mahali ambapo mdogo wangu akitumwa kulichukua ataliona.

Ofisi ile iko chini, baada ya stoo ya mashuka. Bwana mwenyewe ni Mmisri wa makamo, mwenye mvi nadhifu. Alisimama nilipoingia. Alinivutia kiti. Alikuwa ameagiza chai ya maziwa kwa sababu, alisema, anajua Wakenya wanapenda maziwa. Kila ukarimu alionifanyia niliusikia kama ile tarumbeta ya langoni. Pembeni alikaa mtu wa usalama wa hoteli ambaye hakusema jina wala salamu. Nilikishika kikombe, lakini sikuthubutu kukiinua.

Akaweka simu mezani. Nikajiona tena nikiimba.

"Hawa walikuwa wanadai nini?"

"Hakuna kitu, bwana. Tulienda kumfariji mfiwa."

"Matawi?"

Nikamweleza. Kwa Kiingereza changu nilisikia jinsi linavyokuwa jambo la kijinga: kwetu mtu akifa tunachukua majani. Mtu wa usalama aliandika. Bwana hakuandika. Akauliza, "Na fulana zenye mtu mwenye silaha? Nani aliwapa?"

Nilimwangalia nikidhani ni mtego. "Ni ninyi, bwana. Ni sare."

Hakucheka. Alishusha pumzi, akatazama kifua changu kama anakiona mara ya kwanza, na nadhani, sina hakika, aliona aibu kidogo. Kisha akauliza swali nililokuwa nikiliogopa. Aliisogeza video mpaka kwa walio nyuma. "Huyu ni nani? Na huyu mama aliyeanzisha?"

Niliwaza mengi kwa muda mfupi. Nikasema, "Bwana, ilikuwa zamu ya brek yote." Aliuliza tena, nikarudia hivyo hivyo. Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa ujasiri au ni woga uliokosa maneno mengine. Zamu yote ni watu wote, na kama angetaka kutuondoa sote, nilikuwa nimempa sote.

Akaigeuza simu kifudifudi. Halafu akasema kwamba kijijini kwao pia, watu wakifiwa, wanawake walikuwa wakitoka barabarani wakilia na kutikisa vitambaa vyeusi, na akiwa mdogo alikuwa anawaogopa. "Mimi ninakuamini," alisema. "Lakini mimi siye anayepaswa kuamini."

Nilitoka na sentensi hiyo. Hakuna aliyenipeleka uwanja wa ndege. Hakuna polisi aliyekuja, wala sijui kama walikwisha kuiona ile video. Hiyo ndiyo sehemu ya hadithi ambayo watu hawaipendi ninapowasimulia: hakuna siku tuliyoambiwa limekwisha. Tulipewa barua ya onyo, kila mtu wa zamu ya brek, tukatia sahihi. Fulana zikakusanywa kwenye mifuko myeusi, tukapewa nyingine zenye picha ya mmea wenye miiba. Chupa za pilipili zikaachwa. Na akaja fundi wa rangi na ngazi, akakaa ukutani alasiri mbili. Alipoteremka, Mzee alikuwa na gitaa. Mikanda ya risasi imekuwa maua. Ameachiwa kofia, sharubu, na yale macho.

Mpishi alisimama mbele yake na kofia yake ya jikoni mkononi. "Mama yangu angefurahi," alisema, "na baba angelia." Baadaye mkataba wake ulikwisha akarudi kwao. Wateja hawakuuliza kitu. Wengine walisema amependeza.

Mdogo wangu hakuthibitishwa kazi. Miezi ya majaribio ilipokwisha alipewa barua kwamba hakufikia kiwango. Nataka kuwa wa haki hapa, ijapokuwa inaniuma. Alikuwa mzito wa mikono. Alivunja glasi, alichanganya meza, na baada ya msiba alizidi. Inawezekana barua ile haikuhusiana na video hata chembe. Inawezekana pia kwamba ilihusiana nayo kabisa. Yeye ndiye aliyeimbiwa. Hata kwenye picha hakuwamo, alikuwa ndani ghorofani akitusubiri. Alikataa kwenda kumzika mama yake asije akarudishwa, na akarudishwa, akalikuta kaburi limekwisha kuota nyasi. Siku ya kuondoka alinishika akaniambia, "Dada mkubwa, mlikuja. Niliwasikia tangu chini." Nikambebea sanduku mpaka garini.

Wiki chache baadaye Mganda alifiwa na kaka yake. Aliniambia mwenyewe, kando ya mashine ya vyombo, bila mzaha. Nilisubiri mtu aseme tunakutana wapi. Hakusema mtu. Kikundi kilikuwa kimya. Tulimpa mkono mmoja mmoja, tukipita, kama watu wanaopeana noti bandia.

Yeye anaishi Al Rayyan, nyumba ya wanaume, na huko siwezi kuingia. Alasiri ya brek nikamwambia tukutane kwenye bustani ndogo karibu na kituo cha basi, kwenye benchi, mahali pa wazi ambapo mtu yeyote anaweza kuona hatuna kitu. Nilivaa blauzi yangu ya nyumbani isiyo na picha. Nilitembea mbali na miti. Nilimkuta ameketi, na kando yake, amempa mgongo kama asiyemjua, alikuwa mama wa kufulia nguo. Mganda alikuwa amemdokezea mahali, naye akatangulia.

Nikaketi upande wa pili. Chai nilikuwa nimeileta kwenye chupa ndogo ya mkononi. Tulikunywa kwa zamu kwenye kifuniko. Mama akaanza kuimba, midomo imefungwa, sauti ikiwa puani tu, na sisi tukaipokea hivyo hivyo. Mtu mmoja alikuwa anakuja njiani akiongea na simu yake imesimama mbele ya uso. Mkono wa Mganda ukawa mgumu ndani ya mkono wangu. Tukanyamaza, tukasubiri apite.

Hakupita haraka. Alisimama kidogo, akageuka geuka kutafuta mtandao.

"Endelea," akasema Mganda, amefumba macho. "Mama, tafadhali. Endelea."

Na mama, akiitazama ile simu, akaendelea.